Mguu Usiouma

Kama una mzazi mzee anayeishi peke yake katika mji mwingine, na kila simu ikilia unashika moyo kabla ya kuishika simu yenyewe, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani na muuza vitenge katika soko la Muyinga, na nina mdomo mkali, wanaonifahamu watakuambia. Lakini nimekalia mabenchi ya hospitali masika na kiangazi, na kuna kosa nililolifanya kwa nia njema kabisa ambalo sitaki mwenzangu alirudie. Sasa kidonda kimefunga, naweza kulisimulia bila kulia, au bila kulia sana.

Mama yangu anaishi Gitega, katika mtaa wetu wa Waswahili, kwenye nyumba ya matofali ya udongo ambayo baba aliijenga mwaka uliofuata uhuru. Aliingia humo akiwa bibi harusi. Alizaa humo watoto sita na sasa amebaki na wawili, mimi Hadija na mdogo wangu Shabani. Vita vilimtoa humo akaishi miaka kambini Tanzania, na huko ndiko alikomzika baba. Aliporudi alikuta milango imeng'olewa na mtu amelima viazi sebuleni. Alitengeneza chumba kimoja kimoja. Siku alipotundika mlango wa mbele alisema mbele yetu sote, "Mi sitalala tena kwa watu." Tulidhani ni maneno ya furaha tu. Kumbe alikuwa anakula kiapo.

Mimi na Shabani tuliolewa na kuoa Muyinga, na biashara zetu ziko huko. Kutoka Muyinga hadi Gitega ni safari ya nusu siku ukihesabu na kusubiri gari lijae. Nusu siku si mbali kwa harusi. Kwa mgonjwa ni mbali sana.

Ugonjwa wenyewe ni sukari. Mama alikuwa nao muda mrefu, akiuita "ile sukari yangu", kwa sauti ya mtu anayemtaja jirani msumbufu aliyemzoea. Vidonge alivimeza alipokumbuka, na chai aliinywa tamu alipokuwa na wageni, kwa sababu, alisema, ni aibu mwenye nyumba kunywa chungu na mgeni akanywa tamu. Macho yalianza kufifia. Akakonda mabega. Sisi tukasema ni uzee, maana neno uzee linafunika mengi na halihitaji mtu kusafiri.

Aliyetufumbua macho ni Mama Furaha. Huyu ni mwanamke wa Kivu ya Kusini aliyekuja Gitega kuuza mafuta ya mawese, vita vya kwao vikamzuia kurudi. Ni Mkristo wa kusali sana, na ukuta wake na wa mama ni mmoja. Alinipigia asubuhi moja nikiwa napima mteja kiuno.

"Dada Hadija, mi sipendi kuingia mambo ya watu," alianza. "Lakini mama alirudi toka dukani na kiatu moja. Ingine ilibaki kwa barabara. Nikamuuliza, mama, kiatu iko wapi? Akaangalia chini, akashangaa. Hakusikia hata kama mguu iko inakanyaga mawe. Vraiment, niliogopa."

Nilifika Gitega jioni ile ile, na kesho yake tukawa kwenye benchi la hospitali tangu jua kuchomoza. Zamu yetu ilipofika, daktari alimwambia mama afumbe macho, akaanza kumgusa vidole vya mguu kwa ncha ya kalamu.

"Unasikia, mama?"

"Nini?"

"Hii hapa."

"Kwani umeanza?"

Watu waliokuwa mlangoni wakacheka, na mimi nikacheka. Daktari hakucheka. Aligusa kidole kingine, na kingine, mpaka karibu na kifundo, na mama akawa bado anasubiri kwa adabu aanze. Kisha akanivuta pembeni akaniambia jambo ambalo nakuomba ulishike hata ukisahau yote mengine: mguu unaouma unajilinda wenyewe, usiouma unalindwa na macho ya watu. Kila siku mtu autazame, juu na chini na katikati ya vidole. Mama mwenyewe alitoka pale kifua mbele. Njia nzima aliwaambia tuliokutana nao kwamba yule muganga wa hospitali amemkagua na hana maumivu popote, alhamdulillahi.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Shabani, Muyinga, mama akiwa amekuja kwa mapumziko ya wiki moja, hivyo ndivyo tulivyomdanganya. Shabani ni mtu wa heshima zake, anauza vipuri vya pikipiki, na anaogopa maneno ya watu kuliko anavyoogopa nyoka. Alikuwa ameshapaka rangi chumba cha mama.

"Mama, utakaa hapa na sisi," alisema. "Watu wanasema nini? Mama ana watoto wazima, halafu iko peke yake kule kama mtu hana mwenyewe."

Mama alimaliza chai yake kwanza. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Mi na mguu huu nitalima nini kwako, mwanangu? Nirudishe nyumbani."

Shabani alinitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Nilikuwa nakumbuka ule mlango na siku ulipotundikwa, na pia, niseme ukweli, nilikuwa mbishi kuliko wote wawili. Nilisema: kama mama anataka kukaa kwake, atakaa kwake na atakuwa salama, mimi nitalipanga jambo hili. Shabani akasema sawa, lipange, ila likiharibika usije kunililia. Tukaachana hivyo.

Nikalipanga. Nilikaa Gitega siku tisa nikipita kila kona ya nyumba ile kama mtu anayetafuta sindano. Nilitoa mkeka uliokuwa unajikunja mlangoni, nikapigisha misumari mbao za kushikilia chooni, nikaondoa lile komeo la chuma ambalo mama alilifunga kila jioni tangu arudi kutoka kambini, nikaweka kitasa ambacho Mama Furaha ana ufunguo wake. Komeo tuliligombania asubuhi nzima. Nilimnunulia simu yenye vitufe vikubwa, nikamfundisha kupokea. Kupiga alikataa kujifunza. Alisema yeye hana habari za kumpigia mtu.

Lakini kitu nilichojivunia ni sahani. Niliwaza: mama hatakubali mlinzi, wala hatakubali mfanyakazi wa kumtazama tu. Ila hakuna mtu mtaani kwetu anayekataa sahani ya jirani. Basi nikaongea na Mama Furaha amletee chakula cha mchana, na Bi Asha, mjane mwenzake wa nyumba ya tatu aliyesoma naye chuo cha Kurani wakiwa wasichana, amletee cha jioni. Kila sahani itakayoingia, macho mawili yataingia nayo. Mama hakuambiwa kwamba analindwa. Nilirudi Muyinga nikawasimulia wanawake wa soko zima jinsi nilivyo na akili, na wawili walisema watafanya hivyo kwa wazazi wao kule Butihinda.

Sasa sikiliza kosa langu, na kama umekulia mtaa kama wetu utakuwa umeshaliona. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na wali, itarudi na mandazi, na kama huna kitu kabisa utaweka hata ndimu mbili. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenzako kwamba umekuwa maskini, au umekuwa mchoyo. Mimi nimelijua hilo tangu nina miaka minne, mimi ndiye niliyekuwa natumwa na hizo sahani. Na bado nilikaa nikapanga sahani mbili kila siku ziingie kwa mama yangu, bila kujiuliza hata mara moja zitarudi na nini.

Mama alijiuliza tangu siku ya kwanza. Mwanamke aliyekuwa ameshaacha kupika, anayekunywa uji na kula ndizi za kuchemsha alizoletewa, alitoa mbabula, lile jiko letu la makaa, akaanza upya kukaanga sambusa. Mchana sambusa kwa Mama Furaha. Jioni vitumbua kwa Bi Asha. Alikuwa haoni vizuri, miguu yake haina habari, na anazunguka kwenye mafuta ya moto na makaa zaidi kuliko miaka kumi iliyopita. Majirani wakafurahi. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyeona ni habari. Mama Furaha hata aliniambia kwenye simu, "Mama iko na nguvu siku hizi, donc usiwe na wasiwasi," na mimi nikamshukuru Mungu kwa ile akili yangu.

Kaa la moto lilimwangukia mguu wa kulia siku moja mwanzoni mwa masika, mvua inanyesha na amelisogeza jiko hadi kizingitini. Lilikaa hapo. Baadaye alitusimulia mwenyewe, "Nilisikia harufu ya nyama inaungua. Nikasema, leo kwa Mama Furaha wanachoma nyama, Mungu amewajalia." Alipotaka kusimama ndipo alipoliona.

Na hakumwambia mtu. Alipaka asali, akavaa soksi, juu yake soksi nyingine, akaendelea kukaanga. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kabla ya kilio harufu ilitangulia. Siku ya kumi na moja simu yangu ililia.

"Ile mguu inanuka, dada," Mama Furaha alisema, na alikuwa analia. "Nilimwambia atoe soksi, akanifukuza. Mama ananifukuza mi. Kuja tu."

Nilimkuta kitandani, soksi zimegandamana na mguu. Nilizilowanisha kwa maji ya chumvi nikazivua taratibu, na yeye alikuwa ananitazama usoni, si mguuni. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Sijawahi kumwogopa mama yangu kwa jinsi nilivyouogopa mguu ule. Aliniuliza kama umeharibika sana, nikasema hapana, nikatoka nje nikashika ukuta.

Hospitali walisema vidole hivyo viwili vinakatwa, na baada ya hapo tutasubiri. Kidonda kikipanda, watakata chini ya goti. Mguu ukikatwa chini ya goti, Shabani, aliyekuwa amewasili asubuhi hiyo, alisema palepale kwenye korido, hakuna tena maneno ya Gitega, mama anahamia kwake. Mwanamke wa umri ule, mguu mmoja, macho hafifu, choo uani, hata mimi na ubishi wangu nisingeweza kumwacha peke yake. Kwa hiyo tulikuwa tunapigania mguu, na ndani ya mguu ule kulikuwa na nyumba yake. Mama alilijua hilo kabla yetu.

"Ni sahani zako," Shabani aliniambia. "Wewe na sahani zako." Alikuwa na haki, na ndiyo sababu nilimjibu vibaya. Nilimwambia tangu kikao kile mpaka siku hiyo hakuwa amekanyaga Gitega hata mara moja. Alipanda gari la mchana, na hatukusemezana kwa muda mrefu.

Vidole vilikatwa Jumanne. Kuanzia hapo niliacha kuhesabu tarehe. Nilihesabu pansement, yaani kidonda kufunguliwa, kuoshwa na kufungwa upya. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mume wangu, Mungu amlipe, alikaa dukani kwangu akiuza vitenge ambavyo majina yake hayajui. Mimi nilikuwa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha vidonda, mama kichwa begani kwangu, mvua inapiga mabati mpaka muuguzi akiita jina husikii. Tulijifunza kukaa karibu na mlango. Tulijifunza kwenda na khanga mbili, moja ya kujifunika baridi, moja ya kukunja chini ya mguu. Kulikuwa na mzee wa Bukirasazi aliyejikata mkono kwa panga. Alikuwa anatoka kwao gizani ili awahi foleni, na kila mara alikuja na mahindi ya kuchoma, akamkatia mama nusu ya muhindi wake bila kumuuliza. Mama alikuwa hana cha kumrudishia. Nilimwona anahangaika, anapapasa mfuko, na mzee akamwambia, "Kula tu, mama. Tuko kwa benchi moja." Akala. Nililiona jambo lile nikaliweka moyoni, ila sikujua bado nilifanyie nini.

Mwili wake ulibadilika mbele yangu. Ngozi ya miguu ilikauka ikapasuka. Kwenda msalani ilikuwa safari ya watu wawili. Kilichomliza si kidonda, ni sijda. Hakuweza tena kuweka paji la uso chini, akawa anasali ameketi kwenye kiti cha plastiki, na akimaliza anabaki kitini, mikono magotini. Nilimwambia Mungu anaelewa. Aliniambia anajua Mungu anaelewa, ni yeye ndiye asiyeelewa.

Ilikuwa pansement ya tisa au ya kumi, muuguzi alikunja uso akasema pembeni mwa kidonda pamekuwa pekundu, turudi Ijumaa daktari aone. Tulirudi nyumbani, nikampa uji, akausukuma. Na mimi nilipasuka. Nilimpigia mama yangu kelele, na ninaliandika hili ili ujue kwamba hata wewe litakutokea.

"Siku kumi na moja, mama! Siku kumi na moja umefunika mguu unaoza, na mimi napiga simu kila asubuhi, mama umeamkaje, unasema salama. Kwa nini hukuniambia?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayeshangaa kwamba swali jepesi hivyo linahitaji kuulizwa.

"Ungenichukua," alisema.

Neno moja tu. Nilikaa chini kwenye sakafu. Kwa sababu ilikuwa kweli. Angeniambia siku ya kwanza, kaa likiwa bado na joto, ningekuja na gari na Shabani angekuwa amefungua chumba. Mimi na ndugu yangu tulikuwa tumemfundisha, bila kusema, kwamba kila habari mbaya ya mwili wake ni hatua moja ya kutolewa kwake. Yeye akachagua kukaa kimya. Mtu aliyeishi kambini anajua habari gani za kumpa mwandishi wa orodha na zipi za kumficha. Nilikuwa nimeondoa komeo mlangoni, nikamwachia lingine kinywani.

Nililia, naye akanipapasa kichwa, mgonjwa akimbembeleza mzima. Kisha nikamwapia. Nilisema, mama, chochote kitakachotokea, ukianguka, ukiungua, ukilowa, ukiniambia mwenyewe sitakutoa hapa bila wewe kutaka. Hata wakikata mguu? akauliza. Nilifikiri kabla ya kujibu, maana kiapo si mchezo. Nikasema hata wakikata mguu. Nitahamia mimi hapa. Akasema nimrudishie ule uji.

Kumwambia Shabani ilikuwa kazi nyingine. Nilimpigia nikamweleza neno la mama na kiapo changu. Aliniuliza kama nimerukwa na akili, akakata simu. Ijumaa daktari alifungua kidonda, akakitazama juu na pembeni, akasema hakijapanda. Anabadilisha dawa, tusubiri tena. Tulisubiri tena.

Wakati wa kusubiri huko ndipo tulipopanga upya, na safari hii sikupanga mimi. Nilimwita Mama Furaha na Bi Asha, nikawaambia mbele ya mama kila kitu: kwamba sahani zilikuwa ulinzi, kwamba nilimficha, kwamba sambusa ndizo zilizomchoma. Mama Furaha alijishika mdomo.

"Na mi nilikula zile sambusa," alisema. "Nilizikula zote. Nikasema, mama ananipenda."

"Nilikuwa nakupenda," mama akajibu. "Sambusa mbaya mi sipeleki kwa mtu."

Tulicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kisha Mama Furaha akasema jambo ambalo mimi na akili zangu za sokoni sikuliwaza. "Bon. Sahani inarudi. Lakini tukikula kwa sinia moja, nani atarudisha nini? Mi nitaleta ndagala na ugali, Bi Asha ataleta maharagi, tutakula hapa hapa kwa mama. Mama ataleta nyumba."

Mama alilipima. Nilimwona analipima, akitafuta mahali penye aibu ndani yake, asipate. Wanaokula sinia moja hawadaiani. Akasema haya, lakini maji ya kunawa atayatoa yeye. Mpaka leo huyatoa yeye, kwenye birika la plastiki, ameketi.

Mguu nao ukapata saa yake. Bi Asha huja kabla ya adhuhuri wasali pamoja. Mama akimaliza kutawadha na mguu ungali na maji, Bi Asha anauweka pajani kwake, anauangalia juu, chini, katikati ya vidole, anaukausha. Ni jambo la dakika mbili, na kwa kuwa ni sehemu ya sala hakuna anayeona haya. Nami nikajifunza kuuliza vizuri. Sikuuliza tena "umeamkaje", maana jibu lake ni "salama" hata kwa anayekufa. Nauliza, leo umekula na nani? Mguu umesemaje? Akiniambia kuna mkwaruzo, nasema asante, na naishia hapo. Mwanzoni nilikuwa naung'ata ulimi.

Mvua zilikatika, vumbi la kiangazi likaanza, na kidonda kikaanza kujaza nyama, nyekundu safi. Pansement zikawa mbili kwa wiki, kisha moja. Siku ile ile tuliyopewa habari kwamba mguu umebaki, nilikuta pikipiki ya kubebea mizigo imeegeshwa nje ya nyumba, na Shabani uani na mfuko wa saruji, suruali ameikunja hadi magotini. Hakunisalimia sana. Alikuwa anajenga meza ya matofali ya kuwekea mbabula, juu kiasi cha kiuno, na ukingo mbele yake ili kaa lisidondoke.

"Atapika tu," aliniambia bila kugeuka. "Hata ukimkataza. Unamjua."

Nilimsogezea maji. Tulifanya kazi mpaka meza ikakamilika, na mama aliketi kwenye kiti chake cha plastiki akitueleza tulipopindisha.

Nilirudi Muyinga. Sitaki nikudanganye kwamba roho ilitulia. Kuna siku nilikata kitambaa vibaya kwa sababu simu ilichelewa kupokelewa, na mara mbili nilifika Gitega bila sababu, mama akaniuliza kama nimeachika. Kumwacha mzee aishi kwake kuna hofu yake, na hofu hiyo utaibeba wewe ili yeye asiibebe. Kama huwezi kuibeba, sema mapema, hakuna dhambi. Ila usimvike yeye na kuiita usalama.

Mvua za kwanza zilipoanza tena nilikuwa nakata kitenge cha bibi harusi. Simu ikalia, nikaona jina la mama. Nilidhani ni Mama Furaha ameitumia simu yake, maana mama hupokea tu, hapigi.

"Mama Furaha, kuna nini?"

"Ni mi," sauti ikasema. "Asha amenionyesha pa kubonyeza, tangu juzi. Hadija, ni mguu wa kushoto. Ule mzima. Iko na lengelenge kwa kisigino, kama haragi."

"Nani ameliona?"

"Hakuna mtu. Mama Furaha iko sokoni, Asha hajafika bado. Mi nimepapasa mwenyewe."

Maneno yalinijaa kinywani: umevaa kiatu gani, nilikuambia nini, Shabani atasema nini. Niliyameza yote, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi nzito.

"Asante, mama," nikasema. "Usivae kiatu. Mguu uweke juu."

"Nimeshauweka."

"Nije?"

Nilisikia mvua ya Gitega kwenye mabati yake, na mimi huku Muyinga nimeshika mkasi hewani.

"Njoo," akasema. "Njoo uone."

Nilikabidhi kitenge kwa mume wangu nikaondoka na chaki ya ushonaji bado mkononi. Lengelenge lile lilipona kabla mahindi hayajatoa ndevu, na mama bado yuko nyumbani kwake. Kwa muda wote wa ugonjwa, aliyeniita Gitega alikuwa jirani, au hofu yangu mwenyewe. Siku ile niliitwa na mama.